Fundi Saa na Bastola, Wapi na Wapi?



Katika mji mdogo wa Berryville, jimbo la Arkansas huko Marekani, palikuwa na duka la sonara la familia ya Bill Wilson. Bill mwenyewe alikuwa amesomea ufundi saa. Mwaka 1977 akaanza shughuli nyingine katika chumba cha nyuma cha duka hilo: kutengeneza bastola. Wanaoingia mlango wa mbele wanatafuta pete na saa, wanaoulizia chumba cha nyuma wanatafuta silaha. Leo kampuni iliyozaliwa mle, Wilson Combat, ni jina kubwa kwa wapenzi wa bastola za kuagiza, yaani zile ambazo mteja huchagua mwenyewe kitako, rangi, mtutu na uzito wa kifyatuo, kisha akasubiri miezi na kulipa maelfu ya dola, ilhali bastola ya kawaida ya kiwandani angeipata kwa mamia.

Najua utaniuliza: fundi saa na bastola wapi na wapi? Nami nakujibu kwamba hawa wawili ni ndugu wa tangu zamani. Ndiyo maana mtu mwenye kabati la bunduki za kale mara nyingi utamkuta pia na saa ya kutia ufunguo mkononi, na ukimgusa kidogo kuhusu moja atakusimulia zote mbili mpaka chai ipoe.

Hebu twende Nuremberg na Augsburg, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 16. Hadi wakati ule bunduki iliwashwa kwa utambi. Askari alitembea na moto mkononi. Mvua ikinyesha, kazi imekwisha, na usiku adui anaona cheche zako kabla hajakuona wewe. Ndipo ukaja mtambo wa gurudumu. Unachukua ufunguo, unazungusha gurudumu dogo la chuma, kamani inajikaza. Ukivuta kifyatuo, kamani inaachia, gurudumu linazunguka kwa kasi likisugua kipande cha madini ya pairaiti, cheche zinarukia baruti. Leonardo da Vinci naye aliwahi kuchora mtambo wa aina hiyo. Sasa niambie, kazi ya kamani, ufunguo na magurudumu madogo angepewa nani? Ilikuwa kazi ya mafundi wa makufuli na mafundi saa.

Ilikuwa silaha ghali, ya mabwana na wafalme, imenakshiwa kwa pembe na mifupa kuliko hata samani za nyumbani mwao. Na kwa kuwa iliweza kukaa tayari chini ya joho bila utambi wa kufuka moshi, watawala waliingiwa na hofu. Kufikia mwaka 1518, Kaisari Maximilian I alikuwa ameshaipiga marufuku. Kwa hiyo yule anayedhani ugomvi wa serikali na bastola inayofichika ulianza juzi, amechelewa kwa karne tano.

Sasa turuke miaka mingi tufike Massachusetts, karne ya 19. Mjini Springfield palikuwa na kiwanda cha silaha cha serikali ya Marekani. Shida ya serikali ilikuwa hii: bunduki iliyotengenezwa na fundi mmoja ilikuwa na vipuri vinavyoingia katika bunduki hiyo peke yake. Mtambo ukivunjika vitani, huwezi kuchukua wa bunduki ya marehemu aliye jirani ukaufunga kwenye yako. Lazima fundi akae na tupa, achonge, ajaribu, achonge tena. Springfield wakahangaika miaka kwa miaka na mashine na vipimo hadi vipuri vikawa vinabadilishana.

Fundi saa mmoja wa Boston, Aaron Dennison, alikitembelea kiwanda hicho, akatoka na swali moja kichwani: kama bunduki zinawezekana, saa kwa nini zisiwezekane? Mwaka 1850 yeye na wenzake wakaanza, na mwaka 1854 wakahamia Waltham, mji ambao jina lake likaja kuandikwa kwenye saa za mfukoni za mamilioni ya watu. Abraham Lincoln alikuwa nayo moja. Katika maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka 1876, Waltham walionyesha mashine inayotengeneza skrubu ndogondogo za saa yenyewe kwa yenyewe. Waswisi walishtuka. Mhandisi wao Jacques David, wa kampuni ya Longines, alipelekwa Marekani kuchunguza, na ripoti aliyorudi nayo haikuwa ya kuwabembeleza wenzake: badilikeni au mtakufa njaa.

Msikilizaji, kazi kubwa yote ile, ya Springfield na ya Waltham, ilikuwa na shabaha moja: kumwondoa fundi mwenye tupa. Mkono wake ulionekana ni hasara. Unachelewesha, unakosea, unadai mshahara mkubwa. Na leo mtu analipa maelfu ya dola ili mkono huohuo urudishwe.

Chukua bastola inayopendwa kuliko zote na hao wanaoagiza, ile iitwayo 1911. Mbunifu wake ni John Moses Browning, mzaliwa wa Utah. Machi 1911, jeshi la Marekani liliijaribu dhidi ya bastola ya kampuni ya Savage kwa kupiga risasi 6,000. Ikipata moto sana, wanaichovya majini na kuendelea. Ya Savage ilikwama mara 37. Ya Browning haikukwama hata mara moja. Tarehe 29 mwezi huohuo ikapokelewa rasmi, na ikabaki bastola ya jeshi hilo hadi mwaka 1985.

Bastola ile ya jeshi ilitengenezwa ikiwa na nafasi kidogo kati ya kipande na kipande. Ukiitikisa, unaweza kuisikia ikigongana. Haikuwa kasoro hata kidogo. Ilikusudiwa imezeshwe matope ya vita na bado ifanye kazi, na kipuri kutoka ghala lolote kiingie bila kuombwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata watengenezaji wa mashine za kupiga chapa waliiunda. Hata Singer, ndiyo, Singer wa cherehani, walipewa agizo la majaribio mwaka 1940 wakatengeneza bastola 500, kisha wakaelekezwa kwenye kazi nyingine za vita. Askari aliyepewa moja hakuona cha ajabu. Leo bastola ya Singer imewahi kuvuka dola laki nne mnadani. Kwa nini? Kwa sababu ni 500 tu, na kwa sababu binadamu akiona jina la cherehani kwenye silaha hawezi kujizuia kucheka na kutoa pochi.

Sasa mtazame fundi wa bastola za kuagiza. Anachukua kiunzi na kile kipande cha juu kinachoteleza, vyote vikiwa vimeachwa na unene wa ziada makusudi. Anapiga tupa, anasugua kwa dawa ya kung'arisha, anatelezesha, anasikiliza, anarudia. Anataka kipande cha juu kiende na kurudi bila kucheza hata chembe, kama droo ya fundi seremala hodari. Mbele ya kishikio anachora kwa tupa mistari midogo inayokatizana, 30 kwa kila inchi, ili mkono usiteleze. Mstari mmoja ukipinda, kazi yote imeharibika. Kifyatuo anakisawazisha hadi kiachie ghafla mahali palepale kila mara. Mwisho wa yote mteja anapata kitu kizuri ajabu, ambacho vipuri vyake haviingii katika bastola nyingine. Tumerudi palepale walipopakimbia Springfield.

Siwacheki. Mtu aliyezungukwa na vitu vinavyotoka kiwandani vikifanana vyote hutafuta kimoja ambacho kuna mtu alikikalia. Ila naona ajabu kwamba wanakitafuta katika mashine iliyobuniwa maalumu ili asihitajike mtu wa kuikalia.

Na hamu hiyo ikipata fedha nyingi haina mpaka. Kampuni ya Cabot Guns ya Pennsylvania ilitengeneza jozi ya bastola za mfumo huo wa 1911 kutokana na kimondo cha Gibeon, chuma kilichoanguka kutoka angani katika nchi ambayo leo ni Namibia. Na watengenezaji wa saa za kifahari nao hukata vipande vyembamba vya kimondo hichohicho kuwa nyuso za saa. Wote wanafuata nakshi iliyomo ndani yake: mistari ya fuwele inayokatizana, ambayo hujitokeza tu pale chuma kinapopoa taratibu mno, kwa mamilioni ya miaka. Hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuiiga. Wasikilizaji wa Songwe na Mbeya watakuwa wameshafikiria kile cha Mbozi, tani zipatazo 16, ambacho bado kimelala kwetu, na kilale. Wanama wa kule kusini mwa Namibia walikuwa wakitumia chuma cha Gibeon kwa zana na silaha kabla Mzungu hajakipima. Wao walipata ncha ya mkuki wa kuwindia. Tajiri wa leo anapata bastola ambayo pengine hatathubutu kuipiga hata risasi moja.

Kuhusu bei, nitasema mawili tu. Mwaka 2021 bastola ya Pat Garrett, ile aliyomwulia jambazi Billy the Kid, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Mwaka 2017 saa ya Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York kwa dola milioni 17 na laki saba na zaidi. Nyuma ya saa ile mkewe alikuwa amechonga maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Ukiniuliza mimi, chuma chenyewe hakijafika hata asilimia moja ya bei hizo. Kinachonunuliwa ni kisa. Cha kwanza ni cha mtu aliyeuawa gizani, cha pili ni cha mke aliyemhofia mumewe, na huo ndio upendeleo wangu kati ya mapenzi haya mawili; sina haja ya kuuficha.

Tukae kidogo kwenye saa. Tarehe 25 Desemba 1969, kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa saa ya mkono inayoongozwa na jiwe la kwazi na betri, kwa bei iliyolingana na ya gari. Miaka michache baadaye saa za namna hiyo zikawa za bei ya chee, na zinapatia majira kuliko saa bora ya kamani. Uswisi ilikuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970. Hadi kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki kama theluthi moja. Kwa mantiki, saa ya kamani ilitakiwa iishie hapo. Haikuisha. Ilipopoteza kazi yake ikapata wapenzi. Mtu aliye na simu inayomwambia majira sahihi kabisa anavaa saa inayopoteza sekunde kadhaa kila siku, kisha anaigeuza akutazamishe mgongo wake wa kioo, uone gurudumu la mizani likienda huku na huku.

Kisha zikaja za mtindo wa zamani, na hapa nina neno. Hizi ni saa mpya kabisa zinazofanana na za kijeshi za miaka ya 1940 au za wapiga mbizi wa miaka ya 1950. Jina nalo mara nyingi ni la kufufuliwa. Hamilton, iliyokuwa fahari ya Lancaster, Pennsylvania, leo ni kampuni ya Uswisi. Kwa upande wa bunduki ni vilevile: kiwanda cha Springfield kilifungwa mwaka 1968, miaka michache baadaye kampuni binafsi ya Illinois ikalichukua jina, na sasa inauza bastola za 1911 chini yake. Hayo nayasamehe. Biashara ni biashara.

Ninachoshindwa kukimeza ni ile rangi ya maziwa yaliyochacha wanayopaka kwenye tarakimu na akrabu za saa mpya ili zionekane zimezeeka. Unajua rangi ile inaigiza nini? Saa za zamani zilipakwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani. Katika kiwanda kimoja mjini Orange, New Jersey, tangu mwaka 1917 wasichana waliajiriwa kuchora tarakimu hizo kwa brashi nyembamba. Ili ncha ya brashi ikae vizuri walifundishwa kuilamba, na waliambiwa haina madhara. Taya zao zikaoza, mifupa ikavunjika, wakafa wakiwa bado vijana. Mwaka 1927 mmoja wao, Grace Fryer, aliifungulia kampuni kesi pamoja na wenzake wanne, na mwaka 1928 wakalipwa fidia nje ya mahakama. Wanasheria wengi walikuwa wamewakataa kabla ya hapo. Rangi ile iliyofifia, msikilizaji, ndiyo inayotengenezwa upya leo kwa ajili ya uzuri. Kwa hiyo anayesema bunduki ina damu na saa ni safi, naye asiharakishe.

Na sisi wa huku tuko wapi katika mapenzi haya? Upande wa bunduki za kale, pwani yetu haikuwa mgeni. Gobore na bunduki za gumegume zilipitia Zanzibar kwa wingi wa kutisha. Katika miaka ya 1880 balozi wa Uingereza aliripoti kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Zilipanda bara na misafara, zikarudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa shingoni. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa zisiingizwe katika ukanda mkubwa wa Afrika, lakini bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu zikaachiwa mlango. Matokeo yake ni kwamba Waafrika walibaki na masalia, na wakoloni wakabaki na bombomu. Wapiganaji wa Majimaji walilijua hilo kwa miili yao.

Ndiyo maana gobore lililo ukutani katika jumba la makumbusho kwetu halimvutii mtu kama linavyomvuta mkusanyaji wa Texas. Yeye anaona babu yake akilinda shamba. Sisi tunaona msafara. Ndugu zetu wa Oman wamelishika jambo hili kwa namna nyingine: bunduki ya Martini-Henry ya karne ya 19, imepambwa kwa fedha, bado unaweza kuiona mabegani katika ngoma za sherehe. Na Sultan Qaboos alikuwa akiagiza saa za Rolex zenye jambia la nembo ya taifa usoni, za kutunuku watu. Zile nazo sasa wakusanyaji wanazigombania minadani London na Geneva.

Lakini upande wa saa tumo kabisa, na hatukusubiri kufundishwa. Seiko 5 ya kujijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono imevaliwa na walimu, makarani na madereva wa Afrika Mashariki kizazi baada ya kizazi. Na yule mzee wa kibanda cha kioo kando ya barabara, lenzi imembana jichoni, anafanya kwa shilingi kazi ambayo huko Uswisi wanaiita sanaa. Mkono wa fundi kwetu haukuwahi kuondoka. Nadhani ndiyo sababu hatujaona haja ya kuununua tena kwa bei ya nyumba.

Kabla sijakuaga, wengi hurithi vitu hivi bila maelezo, basi niseme la kutumika. Kama babu alikuachia saa ya kamani, usiijaze kwa nguvu hata siku moja kabla fundi hajaisafisha na kuitia mafuta, maana mafuta yaliyoganda husaga vyuma. Ikiwa tarakimu zake zina rangi ya kahawia inayopukutika, usiifungue wewe wala usipulize vumbi lake. Mwambie fundi mapema kwamba huenda ni radiamu. Ikiwa inaonyesha tarehe, usiibadili tarehe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwani katika saa nyingi meno ya tarehe huwa yameshakamatana wakati huo, na utayavunja.

Na kama darini umekuta gobore, usilivute, usilisafishe, usiwaite watoto waje kulitazama. Watu wa zamani waliweka bunduki ukutani ikiwa imeshashindiliwa, na baruti iliyokaa kavu inaweza kuwaka hata baada ya miaka mingi sana. Liache lilipo, mtutu ukielekea pasipo na watu, umwite balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa, na polisi waje wenyewe kulichukua. Kisha, ukitaka, waombe lipelekwe makumbusho likiwa na jina la babu yako.